Mwaka wa Probox ya Shikanga

Probox ya marehemu Shikanga bado inanuka mkate. Nimeiosha ndani mara nyingi, nimebeba humo mbolea, mbegu na dawa za mifugo, lakini jua likiwaka na madirisha yakiwa yamefungwa, harufu ya mkate hurudi, nami hukaa nyuma ya usukani bila kuwasha injini mpaka ipungue. Gari hilo nililinunua kwa mjane wake kwa bei ambayo haikuwa bei yake. Nataka kuandika jambo hili tangu mwanzo, kabla sijazoea kulisimulia kwa namna inayonipendeza mimi.

Shikanga alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tulikalia dawati moja miaka minne. Baada ya mtihani mimi nilifungua duka la mbegu na mbolea pale Khayega, yeye akaanza kusambaza mkate. Alitoka nyumbani kwake, barabara ya Shinyalu, kukiwa bado na giza, akapakia mjini Kakamega, kisha akagawa duka kwa duka mpaka Butali, ambako wafanyakazi wa kiwanda cha sukari walimaliza kilichobaki. Saa nane mchana alipita dukani kwangu akirudi. Hakusimama. Alipunguza mwendo tu, akanirushia mkate mmoja kupitia dirishani na kuniambia nile, nisije nikafa njaa nikiwa nimekalia mbegu za watu.

Alikufa mwezi wa nne, mwaka juzi, Jumamosi asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Ulikuwa moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Nilibeba jeneza lake upande wa kushoto, mbele.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa nywele, na jamaa na majirani huketi uani kumaliza mambo yake. Mkubwa wa ukoo huuliza mbele ya wote kama kuna aliyebaki na kitu cha marehemu. Mara nyingi watu hutazama chini. Siku hiyo mtu mmoja alikiri kuwa na jembe, mwingine akasema ana blanketi. Mimi nilikuwa na jeki ya gari na spana yake ya magurudumu. Nilikuwa nimeviazima miaka miwili nyuma kwa ajili ya pikapu ya kukodi, na hakuna aliyejua ila Shikanga na mimi. Nikasimama nikasema. Nikaenda nyumbani kwa miguu, nikarudi navyo mikononi, nikaviweka mbele ya wazee. Shitanda, kaka mkubwa wa marehemu, alisema kama watu wote wangekuwa kama mimi, chifu angekosa kazi. Watu wakacheka, wengine wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nami nikaketi nikijiona mtu mzuri. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililonifikisha kwenye gari.

Wiki mbili baadaye Naliaka, mjane, alikuja dukani. Alingoja wateja waondoke. Alinieleza kwamba gari liko kwa jina lake yeye. Shikanga aliliandikisha hivyo siku ile ile alipolinunua, na ndugu zake walimcheka sana kwa hilo. Sasa ndugu hao walikuwa wanakuja kila siku kuangalia kama betri haijaisha. Shitanda alikwisha kuomba ufunguo mara mbili. Tracy, binti yao, alikuwa kidato cha tatu na alitakiwa kurudi shuleni na karo. Naliaka alitaka gari liuzwe kabla halijaamkia ua mwingine, lakini hakutaka kukutana na madalali wa mjini.

"Wewe ndiye ulirudisha jeki," aliniambia. "Niuzie wewe."

Nilimwambia nitamtafutia bei. Na sitaficha hapa: kabla hajavuka barabara nilikuwa nimeshajiona mimi mwenyewe nikiliendesha. Miaka mitatu nilikuwa nakodi pikapu kila nilipoleta mzigo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kwake. Alinipikia ingokho na obusuma, kuku na ugali, kama mgeni wa heshima, na picha ya Shikanga ilikuwa bado juu ya kabati na utepe wake mweusi. Tulipomaliza kula nikatoa simu.

Kuna mwongozo wa bei kwenye mtandao ambao watu wa magari hapa huutumia. Unaingiza aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, kilomita lilizotembea na hali yake, nao unakupa bei tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Sokoni mtu akisema simu imesema hivi, ubishi huisha. Nikaingiza Probox. Nikafika kwenye mwaka, nikachungulia dirishani nisome namba ya gari. KBT. Huku kwetu hatuulizi mwaka, tunasoma namba. Herufi zinakuambia gari lilisajiliwa lini, na kwa kuwa magari mengi huletwa nchini yakiwa na umri wa miaka saba hivi, unatoa saba. Hata mtoto wa Khayega anajua hesabu hiyo. KBT ni elfu mbili kumi na tatu, nikatoa saba, nikaandika elfu mbili na sita. Nilifanya hivyo bila hila yoyote. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu aliyerudisha jeki.

Simu ikasema bei ya kati ni laki nne na elfu thelathini. Nikampa aone. Naliaka aliishika kwa mikono miwili, akasoma kwa muda mrefu, akanirudishia. Akaingia chumbani akatoka na kitabu cha gari, ile hati ya umiliki, akakiweka mezani mbele yangu ili nihakikishe jina. Kisha akasema anakwenda kuleta chai.

Nikafungua. Jina lilikuwa lake. Chini yake kulikuwa na mwaka wa kutengenezwa: 2011.

Nikakumbuka mara moja. Gari hilo lililetwa na mtafiti mmoja aliyekuwa anafanya kazi ya ndege katika msitu wa Kakamega. Aliliagiza likiwa karibu jipya, na alipomaliza kazi yake akamuuzia Shikanga. Shikanga aliniambia mwenyewe, nikiwa nimekaa kiti cha mbele, akipigapiga dashibodi na kusema watu watamdharau kwa sababu ya namba, kumbe yeye amekalia msichana wa juzi.

Nikabadilisha mwaka kwenye simu. Mwongozo ukafikiri kidogo, ukaniambia laki sita na elfu tisini.

Niliitazama hiyo bei. Naliaka alikaa jikoni muda mrefu. Nilisikia sufuria zikigongana, zikinyamaza, zikigongana tena. Nilikuwa na muda wa kutosha. Siwezi kusema niliharakishwa. Niliposikia ndala zake zikija, kidole changu kiliurudisha mwaka wa elfu mbili na sita, na nikakifunga kitabu.

Alimimina chai. Akaniuliza kama simu haiwezi kuwa imekosea.

"Simu haijui mtu, Mama Tracy," nikamwambia. "Inasema tu vile mambo yako."

Kisha nikamwambia nitalichukua mimi kwa bei hiyo hiyo, bila kupunguza hata shilingi moja, ili lisiende mbali. Nilisema nitakuwa napita. Wakiwa na shida waniite tu, gari ni lao kama zamani. Na nadhani nilikuwa nasema kweli. Naliaka alinitazama, akazungusha kikombe chake.

"Basi wewe ndiyo unajua, Baba Tyson," akasema.

Ndivyo lilivyokuwa langu. Shitanda hakufurahi, lakini alipoambiwa kwamba bei ilitoka kwenye simu na mnunuzi ni mimi, aliacha kudai ufunguo.

Mwezi wa kwanza nilipita kwake mara nne. Mwezi wa pili mara moja. Baadaye nikaanza kutumia njia ya nyuma, ile ya vumbi inayopita kando ya shule ya msingi, ingawa ni ndefu na ina mashimo. Mke wangu, Pascalia, aliniuliza kwa nini gari linarudi chafu hivyo. Nikasema nakwepa foleni. Khayega hakuna foleni.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi nyingine ya siri. Nilikuwa nauchunguza ule mwongozo. Niligundua kwamba bei zake hutoka kwenye matangazo ya wauzaji wa Nairobi na Mombasa, yaani bei ambazo watu wanaomba. Zile walizolipwa mwishowe hazimo. Binamu yangu aliambiwa na mwongozo huo kwamba pikapu yake ni laki tisa, akauza saba na ishirini. Mwalimu mmoja wa Sigalagala alitegemea bei yake akanunua gari ambalo gia zake zilikwisha ndani ya wiki, maana hakuna mahali unapoweza kuingiza mlio wa gia. Nilizikusanya habari hizo. Nilikuwa nautafuta uongo wa mwongozo kwa bidii, kwa sababu kila nilipoupata wa kwake, wa kwangu ulipungua. Kama laki sita na tisini ilikuwa ya uongo, basi pengine laki nne na thelathini haikuwa mbali na ukweli. Pengine Naliaka alipunjwa elfu hamsini hivi. Pengine hata hizo hakupunjwa.

Mwezi wa kumi, alasiri moja ya mvua, simu yangu iliita nikiwa dukani. Jina lake lilitokea. Nikaiacha iite. Ikaita tena, na tena. Nilikuwa na hakika kwamba mtu amemweleza kuhusu mwaka. Niliilaza simu kifudifudi juu ya gunia la mbolea na kuendelea kumpimia mteja mbegu. Sikumpigia jioni, wala kesho yake. Yeye naye hakupiga tena, nami nikashukuru kwa kunusurika.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata nililipeleka gari kwa Protus. Ni fundi mwenye gereji ndogo nyuma ya soko; alisomea chuo cha ufundi cha Sigalagala na ndiye aliyelihudumia gari hilo tangu enzi za Shikanga. Alikuwa ameinama chini ya boneti, akinitania kwamba marehemu alikuwa akibadilisha oili kabla ya kubadilisha soksi na mimi ni kinyume chake. Mteja mwingine alikuwa akingoja zamu yake, mkulima wa mahindi wa Lugari aitwaye Cleophas. Huyo mzee hakuwa na simu ya mtandao. Alizunguka gari mara moja. Akapiga goti, akatazama chini. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akasugua tone kati ya vidole, akanusa. Akamwomba Protus awashe injini na akasimama na mkono juu ya bodi, karibu na taa ya mbele, macho yamefumbwa, kama anayesikiliza mtoto mwenye homa.

"Ni la mwaka gani?" akauliza.

"Kumi na moja," Protus akajibu. "Wanaosoma namba wanasema sita, lakini nimeona kitabu."

"Nakupa laki saba," Cleophas akaniambia. "Leo."

Nikasema haliuzwi. Protus akacheka, akaniambia niuze ninunue mawili. Mzee akasema mtu aliyelitunza gari hili alikuwa mwanamume wa kweli, akanipa mkono, na sikuweza kumwambia kwamba si mimi. Nikaupokea mkono wake.

Kumbe mwongozo haukuwa umedanganya. Mtu aliyetumia vidole na masikio alifika palepale, akazidisha elfu kumi. Siku ile ya Jumapili niliuuliza mara mbili, na mara zote mbili ulijibu sawasawa kile nilichouliza.

Kabla sijaondoka Protus alifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, ambacho mlango wake ulikuwa umekwama tangu nilinunue gari. Alitaka kurekebisha kitasa tu. Ndani kulikuwa na daftari la shule, la kurasa tisini na sita, na mwandiko nilioujua tangu dawati letu. Ukurasa wa kwanza ulisema: *Probox 2011. Ni ya Naliaka. Mimi ni dereva.* Kurasa zilizofuata zilikuwa na tarehe za oili, breki, matairi, mvua iliyomkwamisha Butali, na siku Tracy alipojifunza kuwasha injini. Nilisoma nikiwa nimeegemea ukuta wa gereji. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari mmoja wenye jina langu: *Jeki iko kwa Titus. Nisimwulize. Anaihitaji kuliko mimi.*

Ile jeki iliyonipa jina uani ilikuwa zawadi. Nilisifiwa kwa kurudisha kitu kilichokuwa changu.

Hata hapo sikwenda. Ndiyo sehemu ngumu zaidi kuandika. Niliweka daftari chini ya kaunta na nikangoja miezi miwili zaidi, nikijiambia kwamba nitakwenda baada ya makumbusho, ile ibada ya kumkumbuka Shikanga, ili nisimvurugie Naliaka maandalizi.

Makumbusho ya mwaka mmoja yalifanyika Jumamosi. Kulikuwa na hema mbili, kwaya ya kanisa, na watu waliovaa fulana zenye picha ya Shikanga akiwa ameshika mikate miwili. Niliketi safu ya nyuma, karibu na sufuria. Naliaka alisimama kutoa shukrani. Aliwashukuru kina mama, kwaya, mchungaji. Kisha akalitaja jina langu, akangoja mpaka watu wageuke kunitafuta.

"Titus alinionyesha simu," akasema. "Alinionyesha kwa macho yangu. Nyinyi wote mnajua Titus ni mtu wa kurudisha."

Watu wakapiga makofi. Shitanda mwenyewe alipiga makofi. Niliinuka nusu, nikainama, nikakaa. Mwanamke aliyekuwa akipakua chakula aliniongezea nyama mbili.

Jioni ile nilimweleza Pascalia yote. Alikunja nguo zilizokuwa kitandani, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akasema nipeleke. Tuliuza ng'ombe wawili na nikachukua akiba ya duka. Jumanne asubuhi niliendesha gari kwa barabara ya kawaida, nikaingia kwenye lango lake kwa mara ya kwanza baada ya miezi tisa.

Naliaka alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Alinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Mama Tracy," nikasema, "lile gari ni la elfu mbili kumi na moja."

"Najua."

Aliendelea kuchambua. Alitupa punje mbovu kwa kuku.

"Kitabu ni changu," akasema. "Kimekaa kwa sanduku langu miaka kumi. Shikanga akichelewa kurudi nilikuwanga nakitoa nakisoma. Nakijua kuliko hata cheti changu cha ndoa."

Nikamuuliza kama alijua hata Jumapili ile.

"Niliona umeandika sita. Nikasema amekosea, atasoma mwenyewe. Nikakuwekea kitabu mezani. Chai ilikuwa tayari kwa thamosi, Baba Tyson. Nilikaa jikoni nagonganisha sufuria nikikupa nafasi." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Nikarudi nikakuuliza kama simu haijakosea. Nilikuuliza mara moja tu."

Nikamwuliza kitu cha kijinga: mbona basi aliniuzia. Akaniambia dalali mmoja wa mjini alikuwa ameshampa laki sita na hamsini kwa simu, kabla hata sijafika kula ingokho yake.

"Lakini dalali hapitangi," akasema. "Nikafikiria, mimi niko peke yangu na huyu mtoto, na hao shemeji zangu unawaona. Wewe ulisema utapita. Nikasema, acha achukue na hiyo bei. Hiyo ingine itakuwa ya kupita. Mtoto akiugua, gari liko. Niliona nimenunua vizuri."

Kuku walikuja karibu na miguu yangu. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilitamani asiendelee.

"Mwezi wa kumi nilikupigia," akasema. "Tracy alikuwa nyumbani, ameshikwa na tumbo, anajikunja. Tulimpakia kwa boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, kwa mvua hiyo yote mpaka mjini. Walimpasua palepale, akapona kwa bahati tu. Daktari akaniuliza kwa nini tumechelewa. Nikamwambia tulikuwa tunangoja gari."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa kwamba anajua nilichochukua, na woga huo ndio ulionifanya nichukue kile kingine, kikubwa zaidi, ambacho mwongozo hauna mahali pa kukiingiza.

Nikatoa bahasha, nikaiweka kwenye ukingo wa ungo. Nikamwambia ni laki mbili na elfu sabini, mpaka kufikia ile bei ya mzee wa Lugari. Nilimwekea pia daftari. Nikasema gari naweza kuliacha pale pale, nitembee.

"Uniachie nani aliendeshe, Shitanda?" Akaichukua bahasha, akaipima mkononi. "Hizi nitachukua. Usifikirie nitakataa ndiyo uende ukisifiwa."

"Sifikirii hivyo."

"Hizi ni za gari. Ile ingine, sijui simu yako ingesema ngapi."

Alilifungua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza. Niliona midomo yake ikitaja maneno, *mimi ni dereva*, na akaligeuza kifudifudi haraka. Kisha akanirudishia. Akasema Shikanga aliliandika kwa ajili ya gari, na likae na gari. Nijaze kurasa zilizobaki na niandike ukweli wa oili angalau.

Akainuka, akakung'uta sketi yake, akaniambia alikuwa akijiandaa kwenda mjini kabla sijafika, na kwa kuwa naelekea huko basi nimbebe. Sikuwa naelekea huko. Nikasema ndiyo.

Nikamfungulia mlango wa mbele. Miaka kumi alikaa hapo, kiti hicho kilikuwa na umbo lake. Alikipita, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akapanda, akaweka mkoba wake magotini kama abiria yeyote. Jua lilikuwa linawaka na madirisha yalikuwa yamefungwa. Karibu na mji harufu ikaanza kupanda. Kwenye kioo nilimwona ameegemeza kichwa dirishani, amefumba macho, akivuta pumzi polepole. Nilipunguza mwendo. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumpa siku hiyo, barabara iwe ndefu kidogo.

Tulipofika stendi ya Kakamega alishuka. Alizunguka akaja upande wangu, akagonga kioo. Nikakishusha nikidhani anataka kuniaga. Alinyoosha mkono na kuweka noti ya shilingi mia moja juu ya dashibodi.

"Mama Tracy, tafadhali."

"Khayega mpaka hapa ni mia," akasema. "Hiyo bei kila mtu anaijua."

Akaenda kati ya watu, hakugeuka. Sikuitumia ile noti. Nimeiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa jeki, na haya nimeyaandika kwenye kurasa zilizofuata. Tangu siku hiyo napita langoni kwake kila Jumanne na kila Ijumaa. Napunguza mwendo. Akiwa na safari hupanda nyuma, na akishuka hulipa.